Kashe: kipande cha plastiki kinachookoa mikono

Kitu ninachotaka kueleza katika makala haya ni kipande cha plastiki angavu chenye upana wa sentimita tano na nusu hivi kila upande. Hakina thamani sokoni. Nilikikata mwenyewe, kwa wembe, kutoka kwenye jalada la TFC ya zamani. Wapiga picha wa hapa Lubumbashi waliojifunza kazi kwa Kifaransa hukiita kashe. Kinalala juu ya kioo cha kutazamia cha kamera na kumwonyesha mpiga picha mahali filamu inapoishia. Huenda msomaji akajiuliza kwa nini kitivo cha lugha kisumbuliwe na jambo hili. Jibu liko Kasenga.

Safari ya kwanza

Nilikwenda Kasenga, zaidi ya kilomita 200 kutoka Lubumbashi, kukusanya hadithi simulizi kwa ajili ya kazi yangu ya masomo. Mji ule uko ukingoni mwa mto Luapula, na ng'ambo ya mto ni Zambia. Watu wake wengi wanaishi kwa samaki. Wanasimulia kwa Kibemba na kwa Kiswahili, mara nyingi wakichanganya zote mbili ndani ya sentensi moja. Nilikuwa na simu ya kurekodia sauti, daftari, na kamera niliyoachiwa na baba mdogo, aliyekuwa mpiga picha: Hasselblad 500C/M, kamera ya Uswidi inayotumia filamu pana ya 120.

Msimulizi aliyenikaribisha vizuri kuliko wote alikuwa mama mzee aliyeshona nyavu. Sitalitaja jina lake. Alisimulia huku akishona, na mikono yake haikuwa kando ya hadithi. Alipofika mahali sungura anaponaswa, alikaza fundo. Alipofika mahali sungura anapoponyoka, alivuta uzi na fundo likafunguka mbele ya macho ya watoto. Katika maandishi yangu ya baadaye mahali hapo pana maneno matatu tu na alama ya kushangaa. Ndiyo maana nilitaka picha.

Nilipomwinamia na kamera, aliuliza, “Na mikono itatoka?”

Nilitazama kwenye kioo. Kitambaa chake cha kichwa kilikuwa juu, mikono na wavu vilikuwa chini, vyote ndani ya mraba. Nikamjibu, “Itatoka, mama.”

Haikutoka. Filamu ilipooshwa, picha zote 16 zilikuwa zimekatwa juu na chini. Uso ulikuwa mkali, macho yalikuwa mazuri, lakini kitambaa cha kichwa kilikatwa nusu, na chini picha iliishia kwenye viwiko. Niliporudi Kasenga miezi kadhaa baadaye, yule mama alikuwa ameshazikwa. Wa kulaumiwa ni mimi. Kamera ilifanya kazi yake kama ilivyoundwa, ila mimi sikujua imeundwaje.

Kioo kinaonyesha nini, filamu inapokea nini

Tuanze na filamu. Filamu ya 120 ilianza kuuzwa na Kodak mwaka 1901 na bado inatengenezwa hadi leo. Upana wake ni milimita 61 hivi. Filamu hiyohiyo inaweza kugawanywa kwa namna mbalimbali, kutegemea kamera. Ukipiga picha za mraba, zile zinazoitwa 6x6, unapata 12. Ukipiga za 6x4.5 unapata 16. Ukipiga za 6x9 unapata 8. Majina hayo ni ya sentimita zilizokadiriwa. Ukipima kwa rula, mraba wa 6x6 ni milimita 56 kwa 56, na picha ya 6x4.5 ni milimita 56 kwa 41.5.

Kamera kama Hasselblad ina sehemu zinazotenganishwa: lenzi mbele, sanduku katikati, mkebe wa filamu nyuma, na juu kofia ya kutazamia. Mkebe unaweza kubadilishwa. Ule uitwao A12 unatoa picha 12 za mraba. Ule uitwao A16 unatoa picha 16 za 6x4.5. Mkebe pekee ulioachwa na baba mdogo ni A16, na mimi nilifurahi kwamba nitapata picha nne zaidi kwa filamu ileile, maana filamu ni ghali.

Sasa tazama tatizo. Mwanga unaingia kwenye lenzi, unagonga kioo cha ndani kilicholala kwa mshazari, unapanda juu na kuchora picha kwenye kioo cha ukungu ambacho jicho linakitazama. Kioo hicho kimetengenezwa kwa ajili ya mraba. Hakijui ni mkebe gani umefungwa nyuma. Ukifunga A12, unachokiona ndicho filamu itakachopokea, ukiacha tofauti ndogo pembeni. Ukifunga A16, kioo kinaendelea kuonyesha mraba mzima, lakini filamu inapokea milimita 41.5 tu za kimo chake. Milimita 14.5 zinapotea: 7.25 juu na 7.25 chini. Hiyo ni zaidi kidogo ya robo ya picha yote. Kichwa kilikuwa katika robo hiyo, na mikono vilevile.

Pengine utauliza kwa nini hasara iwe juu na chini, isiwe kulia na kushoto. Katika kamera hii filamu inapita kwa wima nyuma ya lenzi, kwa hiyo ukitaka kubana picha nyingi zaidi kwenye filamu, unapunguza kimo. Picha ya A16 inalala. Ukitaka isimame, lazima uilaze kamera ubavu, jambo gumu unapotazama kutoka juu.

Waundaji wa kamera walilijua hili. Ndiyo maana viliuzwa vipande angavu vyenye mistari, vya kuwekwa juu ya kioo kila mtu anapobadili mkebe. Cha baba mdogo kilikuwa kimepotea. Ndani ya mfuko wa kamera nilikuta bahasha tupu iliyoandikwa kwa mkono wake neno moja la Kifaransa: cache. Nilikuwa nimeiona bahasha hiyo kabla ya safari na sikujiuliza ni ya nini.

Namna ya kutengeneza

Nimetengeneza vinne hadi sasa. Viwili vya kwanza vilikuwa vibaya. Haya ndiyo niliyojifunza.

Kwanza, plastiki. Inatakiwa iwe angavu, ngumu kiasi, na nyembamba. Jalada la mbele la TFC, lile linalofungwa kwenye vibanda vya fotokopi karibu na chuo, linafaa sana. Plastiki nene haifai, kwa sababu kofia ya kutazamia hurudishwa kwa kuteleza juu ya kioo, na ikikutana na kitu kinene itakwama au itakikwaruza. Filamu ya zamani ya eksirei nayo inafaa: iloweke kwenye maji ya javeli mpaka weusi utoke, isuguliwe taratibu, ioshwe kwa maji safi na ianikwe. Itabaki na rangi ya buluu hafifu, lakini jicho linazoea. Fanya kazi hiyo nje, penye hewa, na kwa glavu.

Pili, vipimo. Usikate kwa kuamini namba zangu. Toa kofia, pima kioo chako kwa rula ya chuma, na ukate plastiki iwe ndogo kuliko kioo kwa nusu milimita kila upande. Ikibana, itapinda katikati. Ikilegea sana, itatembea na mpaka utatembea nayo.

Tatu, mistari. Chora kwanza kwenye karatasi ya miraba ya milimita, kwa penseli iliyochongwa vizuri. Tafuta katikati ya mraba kwa kuvuta mistari miwili kutoka pembe hadi pembe. Kutoka hapo katikati, pima milimita 20.75 kwenda juu na 20.75 kwenda chini. Kupima kutoka katikati ni bora kuliko kupima kutoka ukingoni, kwa sababu kingo za kioo mara nyingi zimefunikwa na fremu ya chuma na huzioni zote. Kisha weka plastiki juu ya karatasi, ibane kwa gundi ya karatasi pembeni, na ukwaruze mstari kwa ncha ya sindano ya kushonea ukifuata rula. Usikate, kwaruza tu. Pakaza wino mweusi juu ya mkwaruzo, subiri kidogo, kisha pangusa kwa kitambaa. Wino utabaki ndani ya mkwaruzo peke yake, nao utakupa mstari mwembamba kuliko kalamu yoyote.

Nne, kivuli. Mistari peke yake haitoshi. Nilijaribu hivyo katika kashe ya kwanza, na baada ya dakika kumi za kazi jicho liliisahau mistari likarudi kwenye mraba. Katika kashe ya pili niliziba sehemu za juu na chini kwa utepe mweusi wa fundi umeme. Hapo jicho halikukosea tena, lakini lilikuwa kama linachungulia kwenye ufa wa mlango: mtoto aliyekuwa akikimbia kuelekea kwenye picha sikumwona mpaka alipokuwa ndani yake. Pia gundi ya utepe iliyeyuka kwa joto. Kashe ninayotumia sasa ina kivuli cha kati. Sehemu za juu na chini nimezipaka kalamu ya wino usiofutika, rangi ya kijivu, mara moja tu. Ninaona kilicho nje, lakini ninajua kuwa kiko nje. Karatasi angavu ya pipi, ya rangi moja, nayo inafanya kazi hiyo ikikatwa vizuri.

Tano, kuiweka. Kashe inakaa juu ya kioo, upande wa jicho. Isiwekwe kamwe chini, upande wa kioo cha ndani. Upande huo wa chini ndiko picha inakochorwa, na huchubuka kwa urahisi. Upande uliokwaruzwa na kupakwa rangi utazame juu, ili wino usiguse kioo. Vumbi liondolewe kwa brashi laini. Spiriti na petroli visiguse kioo hata kidogo, kwa sababu vioo vingi vya aina hii ni vya plastiki.

Sita, jaribio. Hii ndiyo hatua niliyoiruka mara ya kwanza, na ndiyo inayothibitisha zote. Tafuta ukuta wa matofali yasiyopigwa plasta. Andika namba kwa chaki, tofali hadi tofali, kutoka chini kwenda juu. Weka kamera juu ya meza, itulie, na uandike katika daftari namba unazoziona kwenye mstari wa juu na wa chini wa kashe. Piga picha moja. Filamu ikishaoshwa, soma namba kwenye negatifu. Zikilingana, kashe ni sahihi. Kashe yangu ya pili ilikosea kwa milimita moja nzima upande wa juu, kwa sababu nilipima kutoka ukingoni. Milimita moja kwenye kioo ni kidogo sana, lakini mtu akiwa amesimama mbele yako, milimita hiyo ni paji la uso.

Jambo moja linawachanganya wengi. Katika kofia ya kutazamia kutoka juu, picha imesimama sawa lakini kulia na kushoto vimebadilishana. Kichwa cha mtu kinaonekana kwenye ukingo ulio upande wa lenzi, na miguu upande wa tumbo lako. Kwa kashe ya A16 hili halileti shida, maana sehemu mbili zilizozibwa ni sawa. Lakini ukitengeneza kashe isiyo na ulinganifu, kwa mfano yenye nafasi ya maandishi upande mmoja, kumbuka kuigeuza.

Kwa wenye mkebe wa mraba

Hata mwenye A12, au kamera ya lenzi mbili kama Rolleiflex na Yashica-Mat, anaweza kuhitaji kashe. Karatasi za picha zinazouzwa mjini si za mraba. Ukipeleka negatifu ya mraba ichapwe kwenye karatasi ya sentimita 10 kwa 15 bila maelezo, mchapaji atajaza karatasi, na kujaza ni kukata. Hesabu ni rahisi: zidisha 56 kwa upande mfupi wa karatasi, gawanya kwa upande mrefu. Jibu ndilo upana utakaobaki kwenye negatifu. Kwa 10x15 zinabaki milimita 37.3. Kwa 13x18 zinabaki 40.4. Kwa 18x24 ni 42 kamili. Kwa picha ya pasipoti ya milimita 35 kwa 45 ni 43.6. Unaweza kukwaruza mipaka yote minne kwenye plastiki moja, kila mmoja kwa wino wa rangi yake.

Tofauti na kisa changu ni kwamba hapa negatifu inabaki nzima, na kosa la mchapaji linaweza kurekebishwa kesho. Kosa la A16 halirekebishwi. Kisichoingia kwenye filamu hakiko popote.

Wenye lenzi mbili wajue pia kwamba lenzi ya kutazamia iko juu ya lenzi ya kupigia kwa sentimita 4 hivi. Mtu akiwa mbali haidhuru. Akiwa mita moja mbele yako, na lenzi ni ya milimita 80, tofauti hiyo inafika milimita 3.5 kwenye negatifu, na inayokatwa ni sehemu ya juu, yaani kichwa. Baadhi ya kamera hurekebisha zenyewe. Kama yako hairekebishi, kwaruza mstari wa tahadhari kwenye kashe, milimita 3.5 kutoka ukingo wa upande wa lenzi.

Nyuso za Gulu

Nilipokuwa nikihangaika na haya, mwalimu mmoja alinionyesha kitabu kuhusu studio ya Gulu, kaskazini mwa Uganda, iitwayo Gulu Real Art Studio. Mashine ya studio ile ya kupigia picha za vitambulisho ilitoa picha nne kwa mara moja, na wateja wengi hawakuhitaji nne. Basi mpiga picha alimpiga mteja picha moja kubwa, ameketi, kisha akaukata uso kwa mashine ya kukatia na kumpa. Karatasi iliyobaki, yenye mwili usio na uso, ilitupwa. Mpiga picha Mwitaliano, Martina Bacigalupo, alizikusanya karatasi hizo, na mwaka 2013 zikatoka katika kitabu.

Ukizitazama mfululizo, unaona koti lilelile kwa watu tofauti, kwa sababu studio iliwaazima wateja koti. Unaona mama amemshika mtoto magotini ili uso wa mtoto ufike mahali panapotakiwa. Na unaona mikono: imekunjwa, imefumbwa, imelala juu ya mapaja. Gulu walichukua uso wakaacha mikono. Mimi nilifanya vivyo hivyo bila kujua, ila mikono yangu haikubaki kwenye karatasi ambayo mtu angeweza kuiokota.

Neno lenyewe

Kwa kuwa hiki ni kitivo cha lugha, nimalizie na jina. Baadhi ya wenzangu wamenishauri niache kashe na nitumie neno la Kiswahili. Barakoa limependekezwa, lakini barakoa huficha uso na kuacha mengine, wakati kitu hiki huficha mengine na kuacha uso. Kifuniko hufunika chote. Kiolezo liko karibu zaidi, kwa sababu fundi hufuata kiolezo anapokata, lakini kiolezo hakina ile maana ya kuziba. Mimi nitabaki na kashe. Limetoka kwenye kitenzi cha Kifaransa chenye maana ya kuficha, limeingia kwenye ngeli bila taabu, kashe ya kamera, kashe za kamera, na mafundi wanalielewa. Meza ilitoka Ureno na hakuna anayeidai irudi.

Lakini ningependa tulitumie pia kwa kazi yetu wenyewe. Tunapoandika hadithi iliyosimuliwa, nasi tuna kashe. Tunabakiza maneno, tunaziba mikono, kicheko, na mtoto anayedakia kabla ya msimulizi kumaliza. Haiwezekani kuandika bila kuziba kitu. Tunachoweza kufanya ni kuujua mpaka ulipo kabla ya kuanza kazi, na kuuandika wazi kwenye ukurasa wa kwanza.

Niliporudi Kasenga niliipeleka picha, kubwa, 18x24, kwa familia ya yule mama. Binti yake aliishika kwa muda mrefu. Kisha akauliza, “Na mikono ya mama iko wapi?” Nilimweleza kuhusu mkebe na kioo, kwa maneno mengi. Alinisikiliza kwa heshima. Picha iko ukutani kwao sasa, chini ya dari. Siku ile nilimpiga picha yeye, ameketi mlangoni, na kijiti cha kushonea nyavu mkononi, kashe ikiwa mahali pake. Hakuuliza kama mikono itatoka. Mimi ndiye niliyehesabu namba mara mbili kabla ya kubonyeza.